Gladys Hajaonekana Bandani

South Johnstone, Queensland
4 Machi 1968

Mwanangu Lester,

Natumaini umefika salama huko Cooma, kusini kwenye baridi, na kwamba treni haikukuvunja mgongo. Mimi sijambo, ukiacha magoti. Mvua haijakatika tangu tulipomzika mume wangu, Wal, na reli ilifungwa tena kwa mafuriko, kwa hiyo usishangae barua hii ikichelewa. Shemeji yangu Clarrie amehamia chumba cha nyuma ili anisaidie shamba. Kila asubuhi anailalamikia chai yangu, kisha anaomba aongezewe.

Ahsante kwa kuja kulibeba jeneza la Wal. Ulitoka mbali, na kaka yangu, baba yako, angekuwa hai angejivunia. Watu wote walisema, yule kijana mrefu ni wa nani? Nikasema ni wangu.

Sasa nikwambie linalonikosesha raha. Gladys hajaonekana bandani tangu asubuhi ile uliyoondoka. Unajua Wal alivyompenda chatu yule. Alimkuta akiwa hajafikia unene wa kidole gumba, akamwacha ajichagulie boriti, na hakuwahi kumfungia wala kumlisha. Kazi yake ilikuwa kumwekea karai la maji na kumwamkia. Najua nyoka hasikii jina lake, ila mimi nimeendelea kumwamkia, na sasa naamkia mabati.

Clarrie anasema ni jirani yetu Torrisi. Unakumbuka mwaka jana alipopoteza kuku wawili, akaapa mbele ya watu kwamba siku moja atamkata yule nyoka kwa jembe. Aliyasema kwa hasira, lakini yalisikika. Mimi sijasema kitu.

Jambo jingine dogo. Nilipotandua kitanda chako nilikuta mto hauna foronya. Ile yenye maua ya buluu. Kama iliingia kwenye mzigo wako kwa bahati mbaya, si neno. Niambie tu, nisiendelee kuitafuta.

Vaa soksi. Huko si kwetu.

Shangazi yako,
Myrtle Pascoe

*

Cooma
9 Aprili 1968

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika ikiwa imelowa pembeni, lakini inasomeka. Nafurahi kwamba Clarrie yuko nawe. Msalimie, na mwambie chai yako haina kosa.

Mimi ni mzima. Kazi ya kiwanda cha mbao ni nzito ila haichoshi akili. Bi Whelan, mwenye nyumba, ananipikia nyama ya kondoo kila siku, na Jumapili, kwa ajili ya heshima ya siku, anaipika ile ile kwa mchuzi. Baridi imeanza. Asubuhi majani yote ni meupe. Mwanzoni watu wa hapa walikuwa hawanisemeshi, nikawa nakaa baa na glasi yangu kama mtu anayesubiri basi. Siku hizi mambo yamebadilika, wananiita kwa jina nikiwa bado mlangoni.

Nina rafiki hapa, anaitwa Kevin. Amepata chatu, sijui alimtoa wapi. Anamweka chini ya kitanda katika sanduku la chai, lile la mbao, na Jumamosi humvalia shingoni ndani ya koti na kuja naye baa. Wanaume wakubwa wanapiga kelele kama watoto. Sasa anaona yule nyoka amekuwa mzito, hajinyooshi, amejikunja tu kutwa nzima. Nimemwambia shangazi yangu amekaa na chatu miaka mingi. Anauliza, nyoka wa namna ile anavushwaje msimu wa baridi?

Pole kwa habari ya Gladys. Labda ameenda kutafuta mume.

Mtoto wako,
Lester

*

South Johnstone
2 Mei 1968

Mwanangu Lester,

Tunashukuru tunaamka. Mvua imepungua, miwa imesimama vizuri, na mbwa Nugget amepona mguu. Utani wako wa mume nimeusoma mara mbili. Mara zote mbili sikucheka.

Umenieleza ya kondoo na ya Bi Whelan, ila ya foronya hukuyajibu. Basi.

Kuhusu huyo Kevin. Mwambie kwanza kwamba chatu si skafu. Amtoe shingoni, amwache atulie. Pili, nyoka wa baridi si nyoka mwenye njaa. Hapo ndipo watu wa huruma wanapoharibu. Anamwona mnyama amezubaa, anadhani amedhoofika kwa kukosa chakula, anamsogezea sungura. Nyoka hana moto tumboni, moto wake anauazima juani. Akimeza bila joto, kile alichomeza kinaoza ndani yake. Kwa hiyo mwenyewe achague: ama amweke penye joto mchana kutwa ndipo amlishe kidogo, ama asimlishe kabisa. Vuguvugu ndilo linaloua. Maji yasikosekane, na apate gunia bichi la kujisugulia akitaka kujivua ngozi.

Tena umuulize Kevin kama mnyama yule alikuwa na kwao kabla hajamchukua. Chatu hajui shamba ni la nani, lakini boriti yake anaijua.

Huku mambo si mazuri. Jumapili iliyopita, kwenye ngazi za kanisa, Clarrie alimwendea Torrisi uso kwa uso. "Ulimzika wapi nyoka wa marehemu kaka yangu?" Torrisi akasema, "Mimi? Nimemlilia Wal kama ndugu, halafu nimuulie nyoka wake wiki ya msiba?" Clarrie akamwambia, "Ulisema mwenyewe, utamkata kwa jembe." Watu wamesimama wanatazama. Mke wa Torrisi, Concetta, alinigeukia, akanitazama kama anayengoja nimsaidie. Nikajifanya natafuta glavu zangu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Siku hizi naukumbuka msemo huu mara nyingi nikiwa nafua.

Shangazi yako,
Myrtle

*

Cooma
16 Juni 1968

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa kukaa kimya. Barua yako ilikaa mezani wiki nyingi nikiizunguka.

Theluji imeanguka mara ya pili. Bi Whelan ana kikohozi. Mimi nimejikata kidole na msumeno, lakini si sana.

Shangazi, yale ya sungura yalikuja yamechelewa. Kevin alikuwa ameshamlisha, mwishoni mwa Aprili, sungura mzima, kwa sababu nyoka alikuwa amezubaa vile vile ulivyoandika. Baada ya siku kadhaa akamtapika. Harufu yake sijui niielezeje, ilipanda mpaka jikoni. Tangu hapo ameshindwa kuinua kichwa. Mdomo umevimba upande mmoja, na ukiufungua kuna utando mweupe kama jibini. Anapumua kwa mlio, kama birika linapoanza.

Kevin anaogopa. Hakuna hapa anayejua chochote kuhusu nyoka isipokuwa kumkata kwa sepetu. Tafadhali nijibu upesi. Najua nina deni kubwa la majibu kwako kuliko wewe kwangu. Nisaidie hata hivyo.

Lester

*

South Johnstone
20 Julai 1968

Lester,

Umeniambia nijibu upesi, na ningejibu upesi. Lakini nilikuwa hospitali ya Innisfail, sikuwa mgonjwa bali nilikaa na mgonjwa.

Mwezi uliopita tulichoma miwa yetu kabla ya kukata, na Torrisi akachoma yake. Unajua panya wanavyotoka moto ukiwaka. Miaka yote walikimbilia bandani, na miaka yote walimkuta Gladys juu ya boriti, amejaa subira. Mwaka huu walikuta karamu. Wamekula magunia, wamekula mkanda wa trekta, wamekojolea kila kitu. Clarrie aliingia kufagia akiwa na mchubuko mkononi. Wiki ile ile akaanza kuumwa kichwa, macho mekundu, misuli ya miguu haishikiki. Kisha macho yakawa ya manjano. Ndiyo, homa ya panya. Siku mbili padri alikuwa anakuja na mafuta yake.

Hajafa. Figo zimeumia, na daktari amesema kukata miwa asahau.

Sasa mji mzima unasema Torrisi ndiye aliyemtia Clarrie kitandani. Wanawe wanazomewa kwenye kiwanda cha sukari: "Leo mmeua nini, mabwana jembe?" Yeye mwenyewe ameacha kuja kanisani.

Sasa ya Kevin. Atie chumvi kidogo katika maji ya moto, yakipoa aoshe mdomo wa mnyama kwa pamba, asubuhi na jioni, akiuondoa ule utando taratibu bila kuchubua. Amhamishie karibu na jiko la kuni, sanduku lifunikwe blanketi, chupa ya maji moto ifungwe kitambaa iwekwe upande mmoja tu, ili nyoka achague mwenyewe kuisogelea au kuikimbia. Asimlishe. Asimwonyeshe mtu. Akianza kuinua kichwa na kutoa ulimi, hapo ndipo amtafutie panya mdogo kabisa, si sungura.

Na asimsafirishe sasa. Akimtoa nje kwenye theluji atafika maiti. Mpaka baridi iishe Septemba, mwambie, kazi yake duniani ni moja: yule mnyama aione Septemba.

Mwambie pia, mficha maradhi kifo humuumbua. Na maradhi ninayoyasema siyo ya mdomo wa nyoka.

Myrtle

*

Cooma
4 Agosti 1968

Shangazi,

Shikamoo. Clarrie anaendeleaje? Usiniandikie kwamba hajambo kama hajambo. Niandikie kweli.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, halafu nikashindwa kula. Bi Whelan akauliza kama kuna msiba. Nikasema sijui.

Kevin amefanya yote. Ilibidi amweleze mwenye nyumba ili apewe nafasi karibu na jiko. Mama wa watu alipiga yowe, akakaa chini, akanywa maji, halafu akasema, "Basi angalau apate blanketi lenye staha," akaleta lake la sufu. Sasa ndiye anayekumbusha maji ya chumvi. Utando umeisha. Kovu limebaki, mdomo umepinda kidogo, kama mtu anayetaka kucheka ila amezuiwa. Jana alimeza panya mdogo, na hajamtapika.

Baa haendi tena. Wanaume wanauliza, "Nyoka yuko wapi, Les?" na anajibu kwamba amekufa, maana ni rahisi kuliko kueleza. Mwanzoni alidhani wanampenda yeye. Walikuwa wanampenda nyoka. Ni aibu kugundua jambo kama hilo mbele ya watu, ukiwa na glasi mkononi.

Shangazi, Kevin ananiuliza swali. Mtu akichukua kitu msibani, si kwa kuuza, ila kwa sababu aliyekufa alikuwa mtu pekee aliyewahi kumfundisha kushika kitu bila kukibana, na alitaka abaki na chochote cha mtu huyo, halafu kitu chenyewe akakifanya mchezo wa baa, mtu kama huyo anarudije? Anaweza kukituma kwa treni, kwenye sanduku, na barua juu yake?

Lester

*

South Johnstone
25 Agosti 1968

Mwanangu,

Clarrie ametoka hospitali. Anatembea mpaka kwenye tangi la maji na kurudi, na njia nzima anatukana. Namshukuru Mungu kwa kila tusi. Ila amebaki nusu, na anajua. Nimeandika kweli kama ulivyotaka.

Mahali pamoja katika barua yako umekosea jina la rafiki yako. Mimi sikulifuta.

Sasa nami nikwambie habari za rafiki yangu mmoja, maana hata mimi ninaye. Ni mwanamke mzee. Kitu cha marehemu mumewe kilipotea nyumbani kwake, na siku ya kwanza kabisa, akiwa ameshika mto usio na foronya, akajua nani kakichukua. Lakini aliyechukua ni damu yake, mtoto aliyemjivunia mbele ya watu. Kwa hiyo watu walipomsema jirani, akanyamaza. Alidhani atanyamaza wiki moja, mpaka mtoto aandike ukweli. Mtoto hakuuandika. Wiki ikawa mwezi, jirani akaacha kanisa, mke wa jirani akaacha kumletea mkate wake wa Ijumaa, na kila siku iliyopita ikawa ngumu kusema kuliko jana yake. Nakwambia, rafiki yangu ana aibu kuliko wako. Wako alichukua nyoka. Wangu alichukua jina la mtu.

Kwa hiyo jibu ni hapana. Treni haina mdomo. Akija, aje mwenyewe, mchana, kwa geti la mbele. Apitie kwa Torrisi kwanza, agonge, avue kofia, amwonyeshe kilichomo ndani ya ile foronya. Halafu aje kwangu, nami nitamsindikiza kurudi kule, nikaseme langu. Wawili tutaweza. Mimi peke yangu nimejaribu mara nne. Nafika kwenye waya wa mpaka, nageuka.

Nitaweka birika motoni kila siku kuanzia tarehe ishirini Septemba.

Shangazi yako,
Myrtle

*

South Johnstone
7 Oktoba 1968

Lester,

Salamu sina nyingi leo. Niende moja kwa moja.

Jumapili ya tarehe ishirini na tisa niliporudi kutoka kanisani, Nugget alikuwa anatikisa mkia kwenye ngazi kama mtu aliyepata wageni. Nikaingia bandani. Gladys alikuwa juu ya boriti yake. Nilikaa juu ya gunia nikalia, na sitakuficha kwamba nililia kwa furaha kabla sijalia kwa kitu kingine. Chini, juu ya pipa, foronya. Imefuliwa, imekunjwa pembe nne. Hakuna barua.

Siku zote zile kwenye treni, Lester, na nyoka kifuani, ukachagua saa ambayo unajua niko kanisani. Birika lilikuwa motoni.

Ulichosahau ni kwamba kuna mtu haendi tena kanisani. Na haendi kwa sababu yako na yangu. Sikuwa nimevua hata kofia, Torrisi akasimama getini. Miezi saba hajakanyaga hapo.

"Bi Pascoe, kijana wako alikuwa hapa."

"Kijana gani?"

"Yule mrefu. Aliyebeba jeneza mbele, upande wa kushoto. Kaingia bandani na mfuko wa maua ya buluu umejaa, nikamwona mlangoni anaukung'uta mtupu. Nikampungia mkono, nikasema, karibu kijana! Akanitazama, halafu akakimbia. Mtu mzima, anakimbia ndani ya miwa kama kanga!"

Alikuwa anacheka kidogo alipoyasema. Kisha akaacha kucheka, maana alikuwa ameniangalia usoni.

"Ulikuwa unajua," akasema.

"Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Akashika geti kwa mikono miwili. "Concetta alisema, Myrtle hanitazami usoni kwa sababu anaamini ni sisi. Nikamwambia, msamehe, ana msiba, mtu mwenye msiba huamini lolote. Ningekusamehe kuamini, Bi Pascoe. Lakini kujua?"

Nimeishi miaka sitini na moja na sikuwahi kusimama mbele ya mtu nikiwa sina hata neno la kujifunika. Nilitamani anitukane. Clarrie, niliyerudi naye kutoka kanisani, alikuwa kibarazani amesikia yote; akainuka kwa fimbo yake, akaja polepole, akampa mkono. Torrisi akautazama mkono ule uliobaki mifupa, akaupokea. Mimi hakunipa.

Kisha akauliza kama nyoka ni mzima. Nikasema amekonda, ana kovu mdomoni, ila ni mzima. Akaomba kumwona. Tukaingia wote watatu, tukainua vichwa. "Sura mbaya kama zamani," akasema, na sauti yake haikuwa sawa. "Karibu nyumbani, mla kuku."

Jana baada ya misa nilisimama kwenye ngazi zile zile nikasema mbele ya watu. Nimelitaja jina lako, na langu nimelitaja kwanza. Wengine walitazama viatu vyao. Ilikuwa fupi kuliko nilivyoogopa, na bado naisikia mwilini mpaka sasa. Concetta alikuwepo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda zake. Mkate wa Ijumaa haujarudi, na sijui kama utarudi.

Torrisi amenipa ujumbe wa kukuletea. Ameniambia nisibadilishe neno. "Mwambie yule mkimbiaji, msimu ujao tuna pengo la Clarrie kwenye kukata. Aje. Lakini kwanza agonge mlango wangu, anitazame machoni, ndipo nimpe panga."

Ulimvusha Gladys msimu wa baridi, mwanangu. Hilo nalijua lilikuwa gumu na ulilifanya vizuri, Wal angekwambia hivyo mwenyewe. Ni yale mambo mepesi ndiyo yaliyokushinda, kugonga mlango na kunywa chai. Sijui kama nakuandikia kwa hasira au kwa huruma. Nikishika kalamu ni moja, nikiiweka ni nyingine.

Foronya nimeivalisha mto wako. Kitanda nimekitandika.

Shangazi yako,
Myrtle